Bangili ya shanga za karatasi kama zawadi ya mama: darasa la P.4, watoto 60, vipindi vitatu

Mwalimu_WestNile

Habari zenu wapendwa. Nafundisha P.4, yaani darasa la nne la msingi, hapa Arua, Uganda; darasa lina watoto 60. Siku ya akina mama ni Jumapili ya pili ya Mei na kwa kawaida shule huwa zimeshafunga muhula wa kwanza, kwa hiyo nataka kila mtoto aondoke na zawadi yake mkononi siku ya kufunga. Nimechagua bangili ya shanga za karatasi, kwa kuwa karatasi tunazo: kalenda kuukuu za ukutani, magazeti na mitihani ya zamani. Gundi ni ile nyeupe ya mbao. Vipindi vya CAPE (sanaa na mazoezi ya mwili) nilivyotenga ni vitatu, dakika 40 kila kimoja.

Kwenye shanga za majaribio kuna kasoro tatu zinazojirudia. Nyingine zinanata kwenye kijiti hazitoki. Nyingine zinachomoza upande mmoja. Nyingine ncha yake inafunguka kesho yake. Naomba vipimo kamili vya kukata, na mnieleze pia uzi gani utumike na vanishi ipakweje darasani penye watoto. Jambo la mwisho: wapo watoto wasioishi na mama zao, na wapo waliofiwa. Hilo mnalishughulikiaje?

Mviringo_Kireka

Mwalimu, shikamoo. Ushanga wa karatasi unaharibika mezani pa kukatia kabla hata gundi haijafunguliwa, basi tuanzie hapo.

Kata wewe. Usiwaachie watoto wa P.4 kazi hii, wala usiwape wembe. Mkasi mikononi mwa mtoto unatoa utepe wenye mawimbi, na kila wimbi litaonekana juu ya ushanga. Tumia rula ya chuma na kisu cha kukatia karatasi, chini weka ubao au boksi nene.

Kipimo kinachofaa bangili ya mtu mzima ni pembetatu ndefu yenye kitako cha sm 2 na urefu wa karatasi ya A4, yaani karibu sm 30. Kitako ndicho urefu wa ushanga. Urefu wa utepe ndio unene wake. Ukitaka ushanga mnene usipanue kitako, refusha utepe. Karatasi ya kalenda ya sm 30 inatoa ushanga wa milimita 7 hivi katikati. Ukikata utepe wa sm 42, unene unapita milimita 8.

Namna ya kuchora: laza A4 wima. Ukingo wa chini weka alama kwenye 0, 2, 4, 6 hadi 20. Ukingo wa juu weka alama kwenye 1, 3, 5 hadi 21. Sasa unganisha 0 ya chini na 1 ya juu, 1 ya juu na 2 ya chini, 2 ya chini na 3 ya juu, endelea hivyo mpaka mwisho. Unapata pembetatu 20, nusu zikitazama juu na nusu chini, na kinachotupwa ni vipande viwili vyembamba vya pembeni tu. Hapa ndipo shanga zako za kuchomoza upande mmoja zinapotoka: ncha isipokuwa katikati kabisa ya kitako, hata uviringishe kwa uangalifu gani, karatasi itakimbilia upande mmoja. Alama za juu zikipotea kwa milimita 2, tepe zote za ukurasa huo zimeharibika. Pima mara mbili.

Hesabu yako: bangili moja inakula shanga 8. Watoto 60 ni shanga 480, yaani kurasa 24 za A4. Kata kurasa 30, kila mtoto apate tepe 10, mbili za kuharibu. Kalenda ya ukutani ya A2 inatoa A4 nne, kwa hiyo kalenda nane zinatosha na kubaki.

Kuhusu karatasi, kalenda ndiyo bora: ni ngumu kiasi, inang'aa, na wino wake haumwagiki. Magazeti yaache. Karatasi yake inanyonya gundi na vanishi mpaka inakuwa ya kijivu kama imelowa mafuta, na wino unabaki vidoleni. Manila ni nene mno, inajifungua yenyewe. Karatasi za mitihani zinafaa, ila ushanga unatoka mweupe wenye madoadoa meusi, basi watoto wapake rangi kwanza.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wamemaliza: kwenye ushanga uliokwisha kuviringishwa, kinachoonekana ni kingo mbili za utepe na sm 3 au 4 za mwisho kwenye ncha. Mengine yote yamezikwa ndani. Picha nzuri ya ziwa katikati ya kalenda haitaonekana. Rangi zipakwe kwenye kingo na ncha tu, kwa penseli za rangi. Krayoni za nta ziepukwe, kwa sababu gundi haishiki juu ya nta. Kalamu za wino wa maji nazo zinachuja zikiguswa na gundi mbichi.

Kuviringisha: mpe kila mtoto kipande cha spoku ya baiskeli. Mafundi wa baiskeli wana spoku zilizovunjika tele. Moja inatoa vipande viwili, utalainisha ncha kwa tupa zisichome. Spoku ina unene wa milimita 2, tundu sahihi kabisa kwa lastiki ya bangili. Vijiti vya meno vinavimba vikipata gundi, na vya muchomo, vile vya kuchomea nyama, ni vinene, tundu linabaki kubwa.

Ipake spoku nta ya mshumaa kidogo. Mtoto aanze na kitako, aviringishe mzunguko wa kwanza na wa pili BILA gundi, aubane kwa kucha mpaka ukaze. Ndipo apake gundi nyembamba upande wa nyuma wa utepe, kuanzia sm 3 kutoka kitako hadi ncha. Ushanga unaonata kijitini ni ule uliopakwa gundi tangu mwanzo. Hiyo ndiyo sababu ya kasoro yako ya kwanza, na nta peke yake haitakuokoa.

Anapoviringisha atazame nafasi mbili, kulia na kushoto kwa utepe. Zikiwa sawa, anaendelea. Upande mmoja ukianza kuwa mwembamba, arudishe nyuma mara moja mizunguko miwili, asijaribu kusahihisha mbele kwa kuvuta. Ncha ikifika, aipake gundi ya kutosha, aibane kwa kidole akihesabu hadi 20, kisha ausukume ushanga utoke kwa kuuzungusha. Asiuvute moja kwa moja, kiini kitachomoka.

Gundi_na_Vanishi

Mviringo amemaliza kazi ya karatasi, mimi naongeza yangu.

Gundi nyeupe ya mbao inafaa, lakini usiitumie nzito kama inavyotoka koponi, wala usiijaze maji. Sehemu tatu za gundi kwa moja ya maji inatosha kuviringishia. Maji yakizidi, karatasi inalegea, utepe unajikunja pembeni, na ncha inainuka ikikauka. Kwa tepe 600 nusu kilo itatosha. Wape kwenye vifuniko vya chupa, watoto wanne kifuniko kimoja, wapake kwa kidole. Brashi zinapaka nyingi mno.

Ncha inayofunguka kesho yake ina sababu mbili kubwa. Ama gundi iliishia njiani, sm 5 za mwisho zikabaki kavu, ama mtoto aliachia kidole mapema. Ikishafunguka usiutupe ushanga: tone moja chini ya ncha, ubane, umepona.

Shanga zikauke siku nzima kabla ya vanishi. Ukiharakisha, unyevu unafungiwa ndani, na baada ya siku chache utaona vanishi imepata ukungu mweupe.

Vanishi ya mbao isiyo na rangi ipakwe na mwalimu, nje ya darasa, watoto wakiwa mbali. Harufu yake ni kali na inawaka moto, isikaribie jiko la mkaa. Nusu lita inatosha. Zipange shanga kwenye uzi wa nailoni, zisigusane, na funga uzi kati ya nguzo mbili kivulini. Jua kali halisaidii hapa: linakausha ngozi ya juu haraka, ndani bado mbichi, na vipovu vinajitokeza. Paka kwa brashi laini, safu nyembamba. Baada ya dakika 15 sogeza kila ushanga kidogo kwenye uzi. Usipofanya hivyo, vanishi inaziba tundu na ushanga unagandamana na nailoni. Kesho yake safu ya pili, kesho kutwa ya tatu. Mbili zinang'arisha, ya tatu ndiyo inayozuia jasho. Mwezi wa nne mvua za Arua zimeshaanza na mara nyingi zinanyesha baada ya mchana, basi paka saa mbili asubuhi.

Kama huna mahali salama pa vanishi, paka gundi yenyewe, sehemu mbili kwa moja ya maji, safu mbili. Inang'aa kiasi, haina harufu, na watoto wanaweza kuipaka wenyewe. Ubaya wake ni kwamba haizuii maji. Ikilowa inageuka nyeupe na kunata. Mama anayeosha vyombo na kufua kwa mikono kila siku ataiharibu ndani ya wiki, asipoambiwa aivue. Kwa maoni yangu vanishi inastahili usumbufu wake. Zawadi ya mama ivalike.

Jambo dogo lenye uzito: nyumbani kuna watoto wachanga. Shanga hizi na zile ndogo za kutenganisha zinaweza kumkaba mtoto. Wanafunzi waambiwe.

Bangili_Jinja

Sehemu ya uzi, ambako bangili nyingi za shule zinakwama: inakuwa ndogo, mama hawezi kuivaa, inatundikwa ukutani.

Sababu ni unene wa shanga. Mtu anapima kifundo cha mkono, anapata sm 17, anatunga sm 17. Lakini shanga nene zinaegemea ngozi kwa upande wao wa ndani, wakati uzi unapita katikati yake. Kwa shanga za milimita 7 ongeza sm 2 na kidogo, upate sm 19. Kwa hiyo shanga 8 za sm 2 ni sm 16, na kati yake shanga ndogo 8 za milimita 4, ambazo ni sm 3.2. Jumla sm 19.2. Inamfaa mwanamke mwenye mkono wa kawaida. Kwa mkono mnene zaidi, wa sm 18, ongeza shanga ndogo tatu, uweke mbilimbili mahali patatu. Usiongeze ushanga wa karatasi wa tisa, itakuwa pana mno.

Siku kadhaa kabla, mpe kila mtoto uzi wa sm 25 aende nao nyumbani, auzungushe mkononi mwa mama wakati wa kucheza, auwekee fundo panapokutana. Hapo unapata kipimo cha kweli bila siri kutoka.

Shanga ndogo msizikose, na si urembo tu. Ukingo wa ushanga wa karatasi ni mkali, zikigusana mbili zinasagana na kumenyana vanishi. Chagua za milimita 4. Zile ndogo kabisa za milimita 2 zinazama ndani ya tundu la karatasi na kupotea.

Uzi: lastiki ya bangili ya milimita 0.8, ile ya kung'aa. Kila mtoto sm 35, zinatakiwa mita 21, nunua 25. Lastiki ya cherehani yenye nyuzi juu usiitumie, inachanika kwenye kingo za karatasi. Kabla ya kutunga, ivute lastiki mara tatu nne kwa nguvu. Isipovutwa sasa italegea ikiwa imeshavaliwa, na nyuzi zitaonekana kati ya shanga. Bandika mwisho mmoja mezani kwa tepu, vinginevyo utakuwa na watoto 60 wanaookota shanga chini ya madawati.

Fundo: fundo la kawaida linateleza kwenye lastiki. Pitisha mwisho mara mbili kwenye kitanzi badala ya mara moja, vuta, rudia upande wa pili, vuta huku bangili ikiwa imenyooshwa kidogo. Mwalimu aweke tone la gundi kali ya supa kwenye fundo. Watoto wasiiguse, inashika vidole. Kata miisho ibaki milimita 3, kisha sukuma fundo liingie ndani ya tundu la ushanga wa karibu.

Senga_Mbale

Nijibu lile swali lako la mwisho, maana naona limepitwa.

Usingoje siku ya kutunga. Siku ya kwanza kabisa, unapowaonyesha mfano, sema: «Tunamtengenezea mtu anayetulea.» Kisha taja mifano: mama, bibi, shangazi, mama mdogo, dada mkubwa, hata baba. Mtoto asilazimike kunyoosha mkono na kueleza habari za kwao mbele ya wenzake. Kadi isiwe na neno lililokwisha chapishwa. Ukiwaandikia ubaoni «Kwa mama mpenzi» wote watanakili, na yule mmoja atabaki ameshika kalamu. Andika «Kwa ............» kila mmoja ajaze. Mtoto aliyefiwa akitaka kuandika jina la marehemu mama yake, mwache aandike, na bangili aivae mwenyewe au ampe anayemtaka.

Na ule mchezo wa kuandika ujumbe nyuma ya utepe kabla ya kuviringisha, watoto wanaupenda sana, lakini waelewe mapema kwamba hautasomeka tena. Maneno ambayo mama anatakiwa kuyasoma yaende kwenye kadi.

Bahasha usinunue. Tumia byayi, yale maganda makavu ya mgomba. Yafute kwa kitambaa chenye maji, yakae dakika 10 yalainike, la sivyo yatapasuka kwenye mkunjo. Kata kipande cha sm 8 kwa 20, kikunje mara mbili, ubaki mdomo wa sm 3 wa kufunikia, shona pembeni kwa sindano au gundisha. Weka chini ya vitabu usiku mzima. Yakauke kabisa kabla ya kutia bangili, byayi yenye unyevu inaota ukungu.

Mwalimu_WestNile

Asanteni sana, nyote mmenifungua macho. Nimebaki na maswali mawili. Mwenzangu wa P.2 naye anataka, ana watoto 48 na vipindi vyake ni dakika 30. Na je, gundi ikipungua, tunaweza kupika ya unga wa muhogo?

Gundi_na_Vanishi

Ya muhogo inashika karatasi vizuri, Mwalimu. Kijiko kimoja cha chakula cha unga laini uliochekechwa, koroga kwanza na maji baridi vijiko viwili usiwe na madonge, kisha mimina kwenye maji yanayochemka vijiko vinane, koroga mpaka igeuke kutoka nyeupe kuwa kama kioo. Itumike siku hiyohiyo, ikilala inachacha. Kasoro yake ni kwamba mende wanaipenda na unyevu unaifungua. Kwa hiyo shanga za muhogo lazima zipate vanishi safu tatu bila kukosa, zikiwa kavu kabisa, nazo huchukua siku mbili kukauka badala ya moja. Kwa bahasha na kadi itumie bila wasiwasi, gundi ya dukani uihifadhi kwa shanga.

Mviringo_Kireka

Kwa P.2 msifanye bangili. Shanga nane kwa mtoto wa miaka saba ni nyingi, atachoka kwenye wa tatu na zilizobaki zitakuwa legelege. Fanyeni kidani chenye ushanga mmoja mkubwa: kitako sm 3, utepe wa sm 60. Utepe huo unatoka kwenye A2 ukikata kwa urefu, au unaunganisha tepe mbili za sm 30: ya kwanza iwe ya mstatili, upana sm 3, ya pili iwe pembetatu, na ya pili ianze pale ya kwanza ilipoishia, zipandane sm 1 kwa gundi. Ushanga unatoka mnene kama kidole cha mtoto, unajaza mkono wake mdogo vizuri, na makosa yake hayaonekani sana. Waviringishie kwenye kijiti cha muchomo hapa, maana kamba ya kidani ni nene kuliko lastiki. Kamba ya pamba iliyotiwa nta, sm 75, ushanga mmoja wa duara kila upande, fundo nyuma. Inapita kichwani, hakuna haja ya kipimo, na inamfaa bibi kama inavyomfaa mama.

Kuhusu ratiba yako ya P.4: kipindi cha kwanza rangi na ushanga mmoja wa kujifunzia. Cha pili shanga zilizobaki, na watakaochelewa wamalizie saa ya mapumziko. Siku moja ya kukauka, siku tatu za vanishi. Kisha subiri siku tano nyingine kabla ya kuzitia kwenye bahasha, kwa sababu vanishi inayoonekana kavu kwa kidole bado ni laini, na ikibanwa ndani ya byayi itachukua alama za maganda. Siku hizo tano tumieni kipindi cha tatu kwa kutunga na kuandika kadi, bangili zitundikwe wazi kwenye kamba darasani, zisirundikwe kwenye boksi. Kwa mahesabu hayo, kipindi cha kwanza kiwe angalau wiki mbili na nusu kabla ya kufunga shule, na mvua ikishika siku mbili mfululizo utakuwa bado na nafasi.